Mwaka Tulipomwasha Kobe

Mzee Shabani Mkude tumemzika Kihonda wiki iliyopita, na mimi nilikuwa miongoni mwa wanawake waliokaa uani juu ya mikeka wakichagua mchele. Nasema nilikaa, lakini sikukaa. Niliinuka kusogeza sufuria lisilohitaji kusogezwa, nikaenda kutazama bomba la uani lililokuwa likivuja, nikaazima spana kwa jirani, nikalikaza. Binti wa marehemu alinitazama akasema, "Shangazi Tausi, hata msibani?" Nikamjibu kwamba kelele za matone zilikuwa zinaniumiza kichwa, jambo ambalo lilikuwa kweli. Niliporudi mkekani, mwanamke mmoja mgeni alikuwa anauliza marehemu alifanya kazi gani. Akaambiwa alikuwa dereva. "Wa basi?" Akaambiwa hapana, wa kile kichwa cha treni kidogo, cheusi, kinachosimama pale kwenye uwanja wa mti mmoja, ambapo maharusi huenda kupiga picha. Yule mwanamke aliacha kuchagua mchele. "Kile kilikuwa kinatembea?" akauliza, na mshangao wake ulikuwa wa kweli. "Mimi nilidhani walikijenga tu pale, kama sanamu."

Nilirudi Dakawa na swali hilo, na mpaka leo halijaniacha. Kazi yangu ni kutengeneza pampu zinazosukuma maji kwenye mashamba ya mpunga. Sikuisomea popote, niliipata kwa kufungua na kufunga, na kwa vitabu vya Kiingereza visivyo na majalada nilivyosoma nikiwa na kamusi pembeni. Watu hudhani mtu wa namna hiyo ni mvumilivu. Sivyo. Mimi ni mtu ambaye asipokuwa na kitu mkononi hutembea huku na huku chumbani, na mikono yangu ilipata kazi yake ya kwanza ya maana katika mwaka mmoja tu, nilipokuwa binti mdogo mwenye hasira zisizo na sababu, kwenye shamba la mkonge ambalo leo ni viwanja na nyumba za watu. Ukipita huko sasa utakuta mtaa mmoja unaopinda taratibu, bila kona, wakati mitaa mingine yote imenyooka. Wenye nyumba hawajui kwa nini viwanja vyao vina umbo la ajabu. Hapo ndipo ilipopita reli.

Ilikuwa miaka ile ya foleni, ya sabuni kwa mgawo na ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Dizeli haikupatikana. Matrekta ya shamba yalilala na mkonge uliokwisha kukatwa ukakauka mashambani, mpaka mtu mmoja ofisini akakumbuka kwamba nyuma ya karakana kuna kichwa cha treni cha zamani kinachokula kuni. Wafanyakazi walikuwa wakikiita Kobe, kwa umbo lake na kwa mwendo wake. Kilikuwa kidogo, mtu mrefu akisimama pembeni yake aliweza kuweka kiwiko juu ya tangi la maji. Zamani kilivuta matoroli ya majani ya mkonge kutoka mashamba ya mbali, chini kabisa ya Milima ya Uluguru, hadi kwenye kiwanda cha kukamulia, na reli zake zilikuwa bado zipo, zimefunikwa na nyasi. Mzee Mkude alikuwa dereva wake tangu ujana. Fundi Alfonsi, Mluguru mwenzake wa kutoka Matombo, mtu mwembamba mwenye kikohozi, ndiye aliyejua kukifungua na kukifunga. Kilichokosekana ni fayamani, yaani mtu wa kulisha moto, kwa sababu yule wa zamani alikwisha hamia Dar. Mimi nilikuwa natunza stoo ya karakana, na nilikuwa navunja vitu kwa kuvipanga upya kila siku. Nilimsikia Mzee Mkude akimwambia Alfonsi nyuma ya ukuta wa mabati, bila kujali kama nasikia: "Yule binti hatulii. Moto nao hautulii. Tuwaweke pamoja wachoshane."

Chumba changu kambini kilikuwa cha mwisho katika safu ya vyumba kumi vilivyoshikana, chenye dirisha la mbao linalotazama milima. Asubuhi milima haikuonekana, ilikuwa wingu tu. Ikifika saa ya kufunga kazi ilikuwa imesogea karibu mpaka mtu anaona moshi wa nyumba za juu. Nilichukia dirisha lile. Nilikuwa na hakika kwamba maisha yanatokea mahali pengine, na kila nilichokiona kupitia pale kilinithibitishia kwamba mimi nipo hapa. Lakini nikiwa juu ya Kobe sikufikiri hivyo, kwa sababu sikuwa na nafasi. Kuna kioo chembamba mbele ya fayamani kinachoonyesha maji ndani ya boila yamefika wapi. Yakishuka mno, chuma cha juu ya tanuri kinabaki kikavu, na chuma kikavu juu ya moto kinapasuka na kuua watu. Kwa hiyo unatazama kioo, unatazama moto, unatazama saa inayopima nguvu ya mvuke, unatupa gogo, unarudi kwenye kioo. Mtu asiyetulia alikuwa amepata kazi inayomtaka asitulie. Mchana tulisimama mwisho wa reli wakati wakataji wakipakia matoroli, na Alfonsi alifukia ndizi za Matombo kwenye sanduku la majivu chini ya tanuri. Tulizila na chumvi, zikiwa na maganda meusi na nyama ya njano, mikono yetu ikinuka moshi. Sijala kitu kitamu zaidi ya zile, na nimezijaribu mara nyingi kwenye jiko la mkaa bila mafanikio.

Mzee Mkude alikuwa na desturi moja iliyoniudhi kupita kiasi. Hakuwasha Kobe na kuondoka siku hiyo hiyo ikiwa kilikuwa kimelala baridi. Aliwasha moto mdogo, wa vijiti, wa kuchemsha chai tu, akauacha ufanye kazi polepole tangu mchana, akauongeza kidogo jioni, na asubuhi ndipo akaniruhusu kuweka magogo. Alisema chuma kikipashwa kwa haraka kinavutana, mirija ya ndani inaachia, na Kobe anaanza kulia maji. Kupashwa huko kwa polepole alikuita 'kuamka'. Nilimwambia hakuna haja, niliona kitabuni muda mfupi zaidi unatosha. "Kitabu chako kilikuwa kinazungumzia Kobe mpya," akasema. "Huyu ni babu yako. Ukimwamsha kwa kofi ataanguka."

Kisha dizeli ikarudi. Sikumbuki ilitangazwa vipi. Nakumbuka tu harufu ya matrekta karakana nzima, na Kobe akasukumwa kwa mikono hadi kwenye banda lake. Hazikupita siku nyingi, tukakuta koki moja ya shaba imekatwa kwa msumeno. Wakati ule shaba ilikuwa inanunuliwa mjini na watu wasiouliza maswali. Mzee Mkude alituita sisi wa karakana na wengine aliowaamini, akasema kila mmoja achukue kipande kimoja cha kufunguka akakitunze nyumbani. Alieleza kama mtu anayegawa watoto wa ndugu aliyefariki: wewe mchukue huyu, wewe yule. Tulifanya hivyo kwa moyo mmoja. Hakuna aliyefikiri kwamba kitu kikikaa ndani ya nyumba ya mtu kinapata kazi ya nyumba hiyo. Alfonsi alichukua valvu ya usalama, kile kichwa cha shaba kinachokaa juu ya boila na kuachia mvuke ukizidi. Alisema hicho hakiwezi kukaa kambini, akakipeleka kwao Matombo alipokwenda kuugulia kikohozi chake.

Meneja mpya alikuja na mpango wa kusafisha shamba. Kila kilicholala kiuzwe. Siku aliyomwita Mzee Mkude nilimsindikiza, nikabaki barazani, na ukuta wa ofisi ulikuwa wa mbao nyembamba.

"Mzee wangu, kile ni chakavu," meneja alisema, kwa upole kabisa.

"Bosi, chakavu ni kile kisichofanya kazi."

"Kinafanya?"

"Kinafanya."

"Basi nionyeshe. Kivute matoroli yaliyojaa kutoka kule chini ya mlima mpaka kiwandani. Kikifika, nakupa neno langu, hakuna mtu atakayekikata wakati mimi nipo. Kisipofika, mwisho wa mwezi mnunuzi anakuja na mitungi yake ya gesi ya kukatia chuma."

Mzee Mkude alitoka akaweka kofia kichwani, akaitoa, akaiweka tena. Nilimuuliza kama kweli kinafanya kazi, maana wakati ule Kobe hakuwa na mlango wa tanuri, kioo, wala filimbi. "Kitafanya," akasema, na akaanza kutembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea.

Wiki iliyofuata tulizunguka kambi tukiomba vipande. Leo nacheka, lakini wakati ule nilikuwa silali. Mlango wa tanuri, sahani ya chuma nzito na ya mviringo, ulikuwa kwa Mama Zuhura muuza chapati, tena juu ya mafiga, una chapati.

"Mama Zuhura, tumekuja kuchukua mlango wa Kobe," nilisema.

"Mlango gani? Hili ni kaango langu."

"Alikupa Mzee Mkude ukae nao."

"Si ndiyo nimekaa nao? Na kama ni mlango, mbona siku alipouleta hakubisha hodi?" Wateja wake wakaangua kicheko. Mzee Mkude hakucheka. Akamwambia kwamba bila mlango ule Kobe anakatwa. Mama Zuhura akageuza chapati, akaitazama mpaka ikaiva, akaitoa. "Nimalizie donge hili," akasema, "halafu mchukue. Lakini fundi wenu anikatie mfuniko wa pipa, la sivyo nakuja kupikia huko huko kwenye treni." Kikombe cha shaba cha kuwekea mafuta tulikikuta kwa mwalimu wa madrasa, kimekuwa chetezo, mkewe alikisugua mchana mzima na bado kilinuka ubani. Filimbi ilikuwa imetundikwa juu ya kitanda cha bibi mmoja kama dawa. Kioo kilikuwa kwa mnyapara, kimefungwa ndani ya shuka, salama. Kilibaki kitu kimoja, na bila hicho vingine vyote vilikuwa vyombo vya nyumbani. Boila isiyo na valvu ya usalama ni bomu lenye magurudumu; Mzee Mkude asingeiwasha hata kwa kiti cha umeneja.

Asubuhi tuliyopanga kupanda Matombo ndipo ilipofika habari kwamba Fundi Alfonsi amefariki. Tulipanda lori lililopeleka saruji misheni, watu wa karakana, na pamoja nasi Kapela, mkataji mkonge, Mnyamwezi mwenye sauti ya tarumbeta. Wanyamwezi na Waluguru ni watani, na mtani haombi ruhusa ya kwenda msibani. Akikosekana ndiyo aibu. Njia ilikuwa matope, tulishuka mara kadhaa kusukuma, na kila tuliposhuka Kapela alipiga kelele kwamba Waluguru wamejificha juu kwa sababu wana madeni na dunia nzima. Tulifika katekista akimalizia sala. Alfonsi alizikwa pembeni ya migomba yake, ardhi nyekundu, mvua nyembamba ya mlimani ambayo hainyeshi wala haiachi. Baada ya maziko tuliketishwa, tukaletewa ugali na maharage. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na kupitia mlango nilikiona kitanda chake na chini ya kitanda giza. Nilijua valvu ipo mle. Mzee Mkude naye alijua. Lakini unaanzaje kumdai mjane kipande cha shaba wakati udongo wa kaburi bado ni mbichi? Nilimnong'oneza aseme. Akatikisa kichwa. Nikainuka, nikakaa, nikainuka. Lori lilikuwa linageuza kurudi. Mwisho wa mwezi ulikuwa karibu, na mimi nilihesabu siku mbili za kuamsha Kobe, siku moja ya kuifunga valvu, na nikaona tunashindwa tukiwa tumeketi kwa adabu na sahani mapajani.

Ndipo Kapela akasimama katikati ya uwanja na ugali mkononi. "Nyie Waluguru mnalia nini?" akapaza sauti. "Mnamlilia mwizi? Huyu Alfonsi alituibia! Alichukua shaba ya shamba akaja kuificha huku juu, akidhani Mnyamwezi hana miguu ya kupanda mlima. Iko wapi? Nisipopewa namfukua sasa hivi, na jembe ninalo!"

Mimi niliweka sahani chini nimvute aketi. Lakini wazee waliokuwa barazani walianza kutikisika mabega, na mmoja akamjibu kwamba afukue, atapunguza njaa kwa udongo. Mjane, Mama Kristina, alitoka mlangoni, macho yamevimba. "Umekula ugali wangu," akamwambia Kapela, "halafu unamtukana mume wangu."

"Ugali wenyewe haukuiva. Ndiyo maana amekufa!"

Mama Kristina akaweka mkono mdomoni. Alikuwa anacheka, na machozi yanatoka, na wanawake waliomshika nao wakacheka. Hakuna mtu mwingine duniani angeweza kusema maneno yale mahali pale. Nimefikiri sana juu ya hilo tangu hapo. Mimi niliyepanga kila kitu sikuwa nimempangia Kapela kazi yoyote. Mjane aliingia ndani akatoka na kifurushi cha khanga kuukuu iliyolowa mafuta. Alisema Alfonsi alikuwa anakifungua kila Jumapili akitoka kanisani, anakipaka mafuta, anakifunga tena, mpaka aliposhindwa kuinuka, na kuanzia hapo alimwagiza yeye akipake. Mzee Mkude akanyoosha mikono miwili. Kapela akakinyakua.

"Kitu cha marehemu hakishuki mlima bure."

"Kapela, tuna haraka," nilisema.

"Nani kasema na wewe, moshi? Nasema na dereva. Mkude, umebebwa na treni maisha yako yote. Leo wewe ndiye treni. Nibebe mpaka kwenye lori."

Mzee Mkude alikuwa mtu wa heshima zake, mwenye koti hata kwenye joto la tanuri. Alimtazama Kapela, akatazama kaburi, akavua koti akanipa. Kisha akainama. Kapela akampanda mgongoni na valvu kifuani, akaanza kupuliza mluzi wa treni, na Mzee Mkude akashuka naye kilima kile chenye utelezi, hatua kwa hatua, watoto na wanawake wakifuata wakiimba na kupiga vigelegele, mjane akiwa mbele yao. Kwenye lori Kapela alishuka, akaipangusa valvu kwa shati lake, akampa kwa adabu kabisa. "Pole sana, mtani," akasema kwa sauti ya chini. "Alikuwa fundi."

Siku ya kumwasha Kobe nilitaka tuanze na magogo. Mzee Mkude akaleta vijiti vyake. Tulijaza maji kwa ndoo kutoka kijito kinachoshuka mlimani, maji laini yasiyoacha chumvi ndani ya mirija, tukauacha moto wa chai ufanye kazi yake, na mimi nikazunguka banda mpaka nikachimba njia kwa miguu. Asubuhi ya pili chuma kilianza kutoa sauti ndogo ndogo, kama mtu anayenyoosha viungo. Mafuta kwenye kile kikombe yalipopata joto, banda zima likanukia ubani, na vibarua wakaanza kuuliza tunafanya uchawi gani. Meneja alipanda nasi akiwa na viatu safi. Kwenda kulikuwa rahisi, matoroli matupu. Kurudi ndiko kulikokuwa na mtihani, kwa sababu kutoka mwisho wa reli kuna bonde, na baada ya bonde mteremko unageuka kuwa kilima kabla ya kufika tambarare. Matoroli yalijaa mkonge uliokatwa asubuhi ile, mbichi, mzito, na utomvu wake ulikuwa umechuruzika kwenye reli. Katikati ya kilima magurudumu yakaanza kuzunguka bila kusonga. Sindano ya saa ya mvuke ilikuwa inashuka. Nikakamata gogo.

"Bado," Mzee Mkude akasema.

"Inashuka!"

"Ukitupa gogo bichi sasa unaupoza moto. Bado."

Kapela, ambaye hakuna aliyemwalika, alikuwa anakimbia mbele akimwaga mchanga juu ya reli kwa kofia yake huku akimtukana Kobe kwa Kinyamwezi. Mzee Mkude alifunga mvuke kidogo, akafungua, akafunga, kwa namna ambayo sijaweza kuieleza kwa yeyote, na gurudumu likakamata. "Sasa," akasema. Nilitupa gogo langu, na jingine, na jingine, mpaka nyusi zangu zikaungua, na tulipofika juu ya kilima valvu ikaachia mvuke mwingi kwa kishindo kilichomfanya meneja ajikunje chini. Kwa mbali tuliona wanawake wa kambi wametoka nje na watoto mgongoni. Mzee Mkude akavuta filimbi. Nilitazama kioo, maji yalikuwa mahali pake. Nilikuwa na umri mdogo na nilidhani kushinda ni kitu kinachotokea mara moja na kubaki.

Kiwandani meneja alimpa Mzee Mkude mkono mbele ya watu wote. "Neno langu ni lile lile," alisema. "Hakatwi." Na watu wakapiga makofi, nami nikapiga.

Hazikupita wiki tatu mnyapara akaja karakana na habari kwamba reli zimeuzwa. Zote, kutoka mlimani hadi kwenye banda. Matrekta yalikuwa yamethibitika kuwa yanatosha, chuma cha reli kilikuwa kizuri, na mnunuzi wa Dar alikuwa amekwisha kusafiri, hakupenda kurudi mikono mitupu. Meneja hakuvunja neno lake hata kidogo. Tulipokwenda kumwona alishangaa kwa dhati. Tulikuwa tumemwomba Kobe. Hakuna aliyemwomba reli. Tena alikuwa na kazi kwa ajili yetu: mabonde ya kule mbali yalikuwa yamejaa maji, trekta lisingefika, na kitu pekee kinachoweza kubeba reli kutoka huko ni kile kinachotembea juu ya reli.

Mimi nilikasirika nikasema tukatae. Niliyasema maneno mengi pale karakana, mengine nisingeyarudia hata leo. Mzee Mkude alinisikiliza mpaka mwisho. "Tukikataa wataleta watu watakaomwasha kwa siku moja," akasema. "Watampasua. Afadhali sisi." Akaenda kutafuta vijiti.

Ndivyo tulivyofanya kazi mpaka mwisho wa mwaka ule. Asubuhi tulikwenda mpaka reli zilipoishia. Genge la vibarua lilitoa misumari kwenye ncha hiyo, likanyanyua reli, likaipakia kwenye matoroli, na mataruma, yaani mbao za kulazia reli, yakabaki yamelala kwenye nyasi. Jioni tuliivuta mizigo hiyo hadi kiwandani. Kesho yake safari ilikuwa fupi zaidi. Bonde likaondoka, kilima kikaondoka, ule mpindo wa taratibu ukaondoka. Nilikuwa natumia kuni chache kila siku na nilichukia jinsi mikono yangu ilivyozoea haraka kipimo kipya. Watu wa vijiji vya karibu walikuja kuchukua mataruma ya mbao kwa ajili ya nguzo za nyumba, na ilipofika wakati wa kula tulikula nao, tumeketi juu ya kile tulichokuwa tunakiondoa. Mzee Mkude aliendesha kama kawaida yake, bila kuburuza breki, bila kuruka mahali pa kupiga filimbi, hata mahali ambapo hakukuwa tena na mtu wa kuisikia.

Siku ya mwisho zilikuwa zimebaki hatua chache tu za reli kutoka geti la banda. Genge lilinyanyua reli mpaka karibu na magurudumu ya nyuma, kisha wakahamia mbele, wakanyanyua mpaka karibu na magurudumu ya mbele. Zilibaki reli mbili zilizo chini ya Kobe mwenyewe. Meneja akasema hizo ziachwe, ni zawadi. Mzee Mkude alikuwa bado ameshika mpini wa mvuke. Akaniuliza moto ukoje. Nikatazama: ulikuwa mzuri, mweupe katikati, sindano imesimama juu, maji yako mahali pake. Kulikuwa na mvuke wa kwenda mlimani na kurudi.

"Mzuri," nikasema.

Hakuachia mpini. Mimi nilikuwa na gogo mkononi, na kwa mara ya kwanza mwaka mzima sikujua niliweke wapi. Kisha akashuka, akaenda mbele mahali reli ilipokatwa, akatazama ardhi.

"Utoe moto," akaniambia.

Nikafungua chini ya tanuri, nikauvuta moto kwa reki, ukaangukia kwenye majani mabichi, ukafuka moshi mwingi, na vibarua wakasogea nyuma wakikohoa. Ulichukua muda mrefu kuisha. Boila yenyewe iliendelea kuchemka peke yake jioni nzima, na niliisikia nikiwa chumbani nafunga nguo zangu kuondoka kambini na basi la asubuhi.